Ubatizo wa Mableu

“Mama Naomie, juu ya nini hawa watoto wa université wananyolewa sawa watu wanaenda vitani?”

Dorothée ndiye aliyemuuliza hivyo jirani yake Joséphine-Marie, mama wa Naomie, mwaka ule angali amevaa nguo nyeusi za ujane. Walikuwa wamekaa mbele ya mulango wakipukusa maharagi makavu, na njiani vijana wakapita mustari mumoja, vichwa vitupu vikiwaka kwa jua, nyuso zimepakwa makala, kila mumoja na jiwe begani. Joséphine-Marie alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu mazishi.

“Ni ubatizo wao. Mwenye kuingia mwaka wa kwanza wanamuita bleu. Wakubwa wanamunyoa, wanamuchafua, wanamuimbisha. Kisha anahesabiwa muntu.”

“Ubatizo bila padri?”

“Bila padri.”

“Basi ni ya shetani hiyo.” Dorothée akatupa kiganja cha maharagi kwenye kitunga. “Lakini shetani wao anajua kubebesha watu. Angepita ku shamba yangu pia.”

Mawe yale yalikuwa na sababu. Université ya Lowa ilizaliwa bila nyumba. Ilianza kama tawi dogo la université ya Goma, ndani ya vyumba vya shule ya musingi kule Kibabi, vijana wenye ndevu wakikalia viti vya watoto, magoti yakigonga kidevu. Walifundishwa kilimo na mifugo tu, kwani watu wa milima walikuwa wamesema: tuanzie kwa maharagi yetu na ngombe zetu, mengine tutayaonea mbele. Halafu watu wa Walikale wakauliza: na pori letu, na madini yetu, hayafai kusomewa? Njo hapo wakafunguliwa upande wa pili kule kwao, wa misitu na madini. Siku serikali ilipokubali kulifanya tawi kuwa université kamili, wakubwa walikaa kutafuta jina, na kila mumoja alitaka jina la kilima cha babu yake. Ilibaki kidogo watoane meno. Mwishowe wakaipa jina la muto, kwani Lowa inatoka kwa hawa inapita kwa wale, na haijauliza muntu kabila yake.

Serikali ilileta karatasi na bendera. Kuta zilitoka kwa watu, kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Vita vilipofika, Kibabi ikachomwa moto, vitabu ndani, na mwalimu mumoja ndani pamoja na vitabu. Wakahamia juu ya Lushebere, wakaanza tena chini ya mahema. Michel, mume wa Joséphine-Marie, alikuwa fundi wa mawe. Bombe lilimukuta amesimama juu ya ukuta wa auditoire, ile nyumba kubwa ya masomo, na wale waliomushusha walimuleta nyumbani ndani ya shuka mbili, kwani moja haikutosha. Baada ya kumuzika, wanafunzi wakasema: ukuta wa Papa Michel tutaumaliza sisi. Wakashuka mutoni na vichwa vyao vilivyonyolewa, wakapandisha mawe. Tangu pale ikawa desturi. Kila promotion mupya, yaani wale walioingia mwaka mumoja, inanyolewa, inapakwa makala, inashuka mutoni kwa mustari na wimbo, vijiti vya kung'olea mawe begani, na kurudi na mawe ya ukuta wake. Ukipita pale unaweza kuzisoma promotion moja moja kwa rangi ya mawe yao.

Joséphine-Marie aliupenda ukuta ule kama muntu anavyopenda kaburi lenye maua. Yeye alisoma mpaka darasa la sita tu, lakini walimuweka katika baraza la université kwenye kiti cha wazazi, kwani alikuwa muntu wa sala, wa maneno machache, na hakuwa na ugomvi na nyumba yoyote. Baraza lile lilikuwa na viti kwa kabila. Hakuna aliyeandika hivyo, lakini kila muntu alijua: kiti cha Wahunde, kiti cha Wahutu, kiti cha wafugaji Watutsi, kiti cha Wanyanga wa Walikale. Recteur, mukubwa wa université, yeye alikaa Goma, akaongoza kwa simu. Miaka ikapita, kisha mwaka mumoja watu walichoma nyumba ya mwalimu wa wafugaji na kumukata panga la bega. Alikimbia na mukono wake ukining'inia, na kiti chake kikabaki. Mwalimu wa Walikale naye alienda kuzika mama yake, vita vikafunga njia nyuma yake. Kiti hicho pia kikabaki.

Kule Walikale bunduki zilikalia majengo ya misitu na madini, na wanafunzi wakavuka pori kwa miguu, magodoro kichwani, waje kumalizia masomo milimani. Kila jamaa ya Lushebere ilipewa mumoja wa kumulaza. Joséphine-Marie alipewa Déo.

Alikuwa kijana murefu, yatima wa baba na mama, mwenye mikono mirefu na kicheko kinachotangulia muntu mulangoni. Alilala katika nyumba ya jikoni. Alitega mitego nyuma ya migomba na kumuletea mama wa nyumba panya wakubwa wa shamba, mara moja nungu. Jioni alikaa mukekani na kusali rozari pamoja nao, ingawa alichanganya mafumbo ya furaha na ya uchungu, na Naomie alimufinya kila mara. Dorothée alizoea kumutania juu ya ua: “We muntu wa pori, ulikula nyani gani leo?” Naye alijibu: “Mama Dorothée, aliniambia nikusalimie. Anasema muko jamaa.”

Mwaka uliofuata wakubwa walimuchagua Déo kuwa chef wa ubatizo, yaani kiongozi wake. Na mwaka huo Naomie, mutoto wa pekee wa Joséphine-Marie na Michel, aliingia mwaka wa kwanza wa kilimo.

Asubuhi ya ubatizo Naomie alisimama mulangoni, kichwa kitupu, uso mweusi kama chungu.

“Mama, unanijua?”

“Miguu najua. Kile kichwa sijui ni cha nani.”

“Bleu haisemi mbele ya wakubwa!” Déo akanguruma nyuma yake. “Piga magoti. Salimia muzazi.”

Naomie akapiga magoti huku akijizuia kucheka. “Muheshimiwa Mama, miye ni funza, ni mavi ya kuku, naomba chai.”

“Funza hainywi chai,” Joséphine-Marie akasema, akamumiminia.

Nyuma yao alisimama Prince, mutoto wa Dorothée, bleu naye, akijipapasa kichwa kama muntu aliyepoteza kofia. Alipata chai yake na kipande cha muhogo. Walipotoka uani, Déo alibaki nyuma na kushusha sauti.

“Mama, mi sikupenda ile njia ya muto. Niliwaambia wakubwa wenzangu tupitie ndani ya migomba. Vijana wa Léopold iko juu ya kilima ya ngambo. Wakiona mustari na wimbo, na vijiti begani, watafikiri nini?”

“Wenzako walisema nini?”

“Walicheka. Walisema muntu wa pori anaogopa kilima. Na mawe iko mutoni, haiko mu migomba.” Akainua mabega. “Miye chef. Nitatangulia mbele.”

Joséphine-Marie alitazama kilima cha ngambo. Léopold aliongoza vijana wa kulinda vijiji, ndivyo walivyojiita. Zamani, kabla ya Kibabi kuchomwa, yeye mwenyewe alisoma kilimo mwaka mumoja mule mule. Na sasa watu walisema kwamba maadui wake wa upande wa pili wanakamata vijana, wanawanyoa vichwa na kuwafundisha vita kwenye mabonde. Wengi walisema hivyo, na kila kichaka kilikuwa na masikio. Joséphine-Marie alifanya alama ya musalaba nyuma ya Déo aliyekuwa anaondoka, kisha akachukua jembe lake.

Alikuwa anachimba muhogo wakati wimbo ulipopanda kutoka bondeni. Ulikuwa wimbo muzuri, wa sauti nyingi za vijana, wenye kupiga miguu. Akaufuata kwa midomo bila kujua. Kisha kilima cha ngambo kikapasuka.

Risasi za kwanza zilikuwa chache, kama muntu anayejaribu. Halafu zikaja zote pamoja. Wimbo ulikatika sawa kamba, na mahali pake pakaja kelele ambazo hazikuwa tena za watu wazima wala za watoto. Joséphine-Marie alitupa jembe, akakimbia kuelekea kule ambako watu wote walikuwa wanakimbia kutoka. Mukeka wa rozari, shamba, Mungu mwenyewe, vyote vilibaki nyuma. Kulikuwa na jina moja tu kinywani mwake.

Njia ya muto ilikuwa imejaa mawe yaliyodondoka. Kijana mumoja wa mifugo alikuwa amekaa ameegemea jiwe lake, macho wazi, na tumbo lake lilikuwa mapajani mwake. Mwingine alitambaa akivuta muguu uliobaki kwa ngozi tu. Estelle, musichana aliyekuwa na sauti nyembamba kanisani, alikuwa ameshika taya yake kwa mikono miwili kana kwamba itamuponyoka, na damu ilipita kati ya vidole, nzito, haina haraka. Déo alipiga magoti, akamubeba mugongoni, akapanda naye mbio ndani ya migomba, na risasi zilikata majani juu ya vichwa vyao.

Vijana wa Léopold walishuka wakipiga kelele za ushindi. Waliwakuta mableu wamelala kifudifudi matopeni. Waliwapiga mateke kwenye mbavu, wakawafunga mikono kwa mikaba yao wenyewe. Mupiganaji mumoja, mutoto bado, alimugeuza bleu kwa muguu, akamutazama, akasema kwa sauti ya kuvunjika, “Afande, hii ni watoto ya université. Huyu najua nyumba yao.” Mukubwa wake alimupiga kofi akaanguka. “Université gani inavaa makala? Hii ni jeshi.”

Joséphine-Marie alimuona Naomie alipoinuliwa. Aliita. Naomie aligeuka, na kwa kugeuka huko akapigwa kitako cha bunduki juu ya sikio. Kichwa kile kitupu kililia kama boga likianguka. Hakudondoka. Walimusukuma mustarini pamoja na wengine, damu ikichora njia katikati ya makala, na Joséphine-Marie aliyekuwa anafuata akiomba alisukumwa na mututu kifuani mpaka akakaa chini.

Muchana ule Déo alirudi katika nyumba ya jikoni. Shati lake lilikuwa limekauka damu, limesimama kama gome la muti.

“Si yangu,” alisema. “Estelle alikufa mugongoni mwangu mbele tufike ku kituo cha afya. Mi nilikuwa naongea naye, Mama. Nilikuwa namuambia tunafika, tunafika. Sikujua namuambia nani.”

Joséphine-Marie alimuletea maji. Alimuvua shati lile. Déo aliketi karibu na majivu, mikono yake mirefu imezunguka magoti.

Kesho yake asubuhi Léopold aliita baraza. Hakuomba, alituma watu wenye bunduki nyumba kwa nyumba. Wakakaa katika auditoire, ile yenye ukuta wa Michel. Mwalimu Habineza, muntu munene wa kifua na mupole wa sauti, alikaa kiti cha Wahutu. Yeye njo alikuwa anashika masomo recteur akiwa Goma. Papa Pierre, muzee mwembamba wa koti la kijivu, alikaa kiti cha Wahunde. Joséphine-Marie alikaa kiti cha wazazi. Viti viwili vilikuwa vitupu, na vijana wa Léopold walisimama nyuma ya viti hivyo wakitafuna miwa na kutema makapi sakafuni.

Léopold alikaa juu ya meza ya mwalimu, miguu ikining'inia. Uso wake ulikuwa muzuri, uso wa muntu anayelala vizuri.

“Wazazi na walimu, poleni na msiba. Vijana wangu walikuta camp ya jeshi mutoni. Walifanya kazi yao. Sasa nataka kujua nani alikuwa anawafundisha vita wale watoto. Niliwauliza wao wenyewe, hawataki kusema. Vichwa ngumu. Munipe mwalimu wao wa vita, miye narudisha watoto leo leo.”

“Afande,” Habineza akasema, “ule ulikuwa ubatizo. Mableu. Weye mwenyewe ulinyolewa Kibabi. Nilikuwepo. Nilikuimbisha.”

Léopold aliruka kutoka mezani, akachomoa bastola, na kwa kitako chake akamupiga Habineza kinywani, mara moja, na tena. Mwalimu alianguka na kiti chake. Alipoinuka kwa magoti, alitema meno kiganjani, akayatazama kama muntu aliyepewa kitu asichojua bei yake.

“Ubatizo najua,” Léopold akasema, akipangusa bastola kwenye suruali. “Ile haikuwa ubatizo.”

Njo hapo kila muntu alielewa. Léopold alijua. Alijua tangu risasi ya kwanza, ao tangu ya pili. Vijana wake waliua watoto wa kilima chake mwenyewe, na bila mwalimu wa vita wale maiti wangekuwa wake. Alihitaji muntu wa kubeba.

Papa Pierre alikohoa. Mikono yake ilitafuta kitu juu ya magoti. “Afande, sisi… Ile ubatizo ilikuwa na chef. Kijana mumoja. Lakini si muntu wa hapa. Ni wa Walikale. Mambo yake, kiti yao njo ingeisemea.”

Wote wakageuza macho kwenye kiti cha Walikale. Léopold akakisogelea, akainama, akaweka sikio karibu na mugongo wa kiti.

“Unasema nini?” Akangoja. “Kiti imekubali.”

Vijana wake wakacheka. Papa Pierre naye akacheka, kidogo, na mara akafunika kinywa kwa mukono. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Joséphine-Marie aliona. Déo angelikuwa Muhunde, Pierre angepiga magoti. Angelikuwa Muhutu, Habineza angetema meno mengine. Université nzima ilikuwa imejengwa ili kila kabila iwe na wa kuisemea, na sasa kijana aliyebaki bila kiti alibaki bila ngozi.

“Anaitwa nani?” Léopold akauliza.

“Déo,” Papa Pierre akasema.

“Analala wapi?”

Macho ya Papa Pierre yalienda yenyewe kwenye kiti cha wazazi, na ya Léopold yakayafuata.

“Mama Joséphine-Marie,” Léopold akasema kwa upole, na akachuchumaa mbele yake kama mutoto mbele ya muzazi. “Nilikula kwako zamani, unakumbuka? Papa Michel alikuwa angali hai. Binti yako iko kwangu. Iko na kidonda ku kichwa, inatapika. Mi si daktari. Sijui kama itafika jioni.”

Rozari ilikuwa mukononi mwa Joséphine-Marie, lakini vidole vyake havikusogea. Alimufikiria Ibrahimu. Mungu alimuonyesha kondoo dume amenaswa miibani, naye Ibrahimu akamuchukua bila kuuliza kondoo ni wa nani. Alitafuta miiba katika auditoire ile yote. Aliona tu nyumba yake ya jikoni, na kijana aliyechanganya mafumbo ya furaha na ya uchungu. Alijua kwamba angeweza kusema: sijui. Wangeenda hata hivyo. Lushebere nzima ilijua alikolala. Lakini labda kuna njia nyuma ya migomba, labda ana mwendo muzuri, labda. Halafu akaona kichwa kitupu cha Naomie, kinakuwa baridi polepole sakafuni mwa muntu fulani.

“Iko jikoni kwangu,” akasema.

Léopold akamupiga begani kwa upole, akainuka.

Walimuleta Déo kabla ya jua kukaa katikati. Walimukuta anamenya muhogo, walisema. Walikuwa wamemuvua viatu. Alipopitishwa mulangoni mwa auditoire, alimuona Joséphine-Marie, akasimama, nao wakamuacha asimame.

“Mama,” alisema, “nyungu iko ku moto. Maji itaisha.”

Alisema hivyo tu. Labda hakujua. Labda alijua na hicho ndicho alichotaka kumupa. Mpaka leo Joséphine-Marie hana hakika, na amemuuliza Mungu mara nyingi.

Wakamuweka kwenye ukuta ambao haujamalizika. Hawakumupiga risasi mara moja. Léopold alitaka watu waone mwalimu wa vita, njo walianza na mipini ya majembe. Walimuvunja mikono ile mirefu, kwanza mumoja, kisha wa pili, na Déo alilia kwa lugha yake ya kwao, maneno ambayo hakuna aliyeyajua pale ila pengine mwenye kiti kile kitupu. Alipoanguka walimuinua. Alipoacha kulia walimumwagia maji. Habineza aligeuza uso wake uliovimba. Papa Pierre alikuwa ameshaondoka. Joséphine-Marie alijikataza kufunga macho. Muntu aliyetoa, alijiambia, na atazame anachotoa. Alisali kwa ajili yake kwa sauti ya kusikika, mpaka Léopold mwenyewe akachoka na sala ile, akapita mbele, akaweka bastola nyuma ya sikio la kijana. Mawe ya promotion ya mwaka uliotangulia yalikuwa meupe. Yalibadilika.

Jioni mableu walirudishwa. Walikuja kwa mustari, bila wimbo. Prince alibeba mukono uliofungwa kwa kipande cha kanga. Naomie alitembea akiweka muguu mumoja mbele ya mwingine kama muntu anayepita juu ya gogo. Joséphine-Marie alimupokea njiani, akamukumbatia mpaka mifupa yao ikagongana, na hapo njo machozi yalimutoka, mengi, ya moto, bila aibu. Asante, Bwana. Asante, Bwana.

Alimukalisha ndani. Alileta bakuli la maji ya vuguvugu na chumvi, akaanza kuosha kichwa. Makala yalitoka kwanza, kisha damu nyeusi, kisha nyekundu. Naomie hakulia. Alitazama mulango wa jikoni.

“Kaka Déo iko wapi?”

Joséphine-Marie alikamua kitambaa. Kabla hajapata sauti, Dorothée aliingia bila kubisha, kuku mukononi, machozi na kicheko vimechanganyika usoni mwake.

“Mama Naomie! Mungu akubariki, akubariki mara elfu!” Akapiga magoti, akaweka kuku sakafuni, miguu imefungwa. “Prince wangu iko hai. Wote iko hai, wenye walibaki. Kila nyumba inasema jina yako. Bila weye kufungua kinywa, tungekuwa tunalia leo. Naomie, binti yangu, mama yako njo aliwaokoa.”

“Alituokoa namna gani?” Naomie akauliza.

Kicheko cha Dorothée kikafa. Akamutazama Joséphine-Marie, akamutazama kuku. “Mi nilifikiri… mi nilikuja tu kushukuru.”

“Mama. Ulituokoa namna gani?”

Joséphine-Marie aliweka kitambaa ndani ya bakuli. Hakuwahi kumudanganya mutoto huyu, hata juu ya shuka zile mbili za baba yake.

“Léopold alitaka chef wa ubatizo. Aliniuliza Déo iko wapi. Nilimuambia.”

“Na sasa?”

“Walimuua, binti yangu. Ku ukuta.”

Kuku alipiga mabawa sakafuni. Maji yalitiririka shingoni mwa Naomie na kuloanisha blauzi. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya muntu anayeelezea njia kwa mugeni.

“Walitupiga jana mpaka jua ikazama, Mama. Walimuchukua kila mumoja peke yake. Nani chef wenu, nani chef wenu. Prince, walimuvunja mukono juu ya jiwe, polepole, ili sisi tusikie. Yeye Muhunde. Mwenzake wa mifugo, wa Wahutu, walimuchoma na plastiki. Miye walinivua nguo. Hakuna mwenye alisema. Ata mumoja. Hatukupatana, hatukuwa na nafasi ya kupatana. Kila mumoja alikuwa peke yake na hakusema.”

“Ulikuwa unakufa,” Joséphine-Marie akasema. “Aliniambia unakufa. Ningefanya nini? Niambie, Naomie. Miye ni mama. Ningefanya nini?”

Alingoja. Alitaka jibu kweli, hata la kumuchoma, hata tusi. Dorothée alikuwa amejikunyata karibu na ukuta, mukono juu ya kinywa.

Naomie aliinuka. Alisimama kidogo mpaka kizunguzungu kikamuacha. Alichukua kitenge chake kwenye kamba, akajifunika kichwa kile kilichokuwa bado kinavuja, akamupita Dorothée, akamupita mama yake, akatoka.